Jina la Baba Yake Yahya

Tangu nirudi Ujiji hamjanipa nafasi ya kupumua. Nikitoka msikitini mtu ananishika mkono: hebu tuambie, Hamisi, Kolwezi kulitokea nini? Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila mmoja anachukua kipande chake na kwenda kukitia chumvi barazani. Basi nimekaa, naandika mara moja, msome wote. Habari za vibali na tiketi nazipita, hazina maana yoyote. Ila niwaonye mapema: humu mimi si mtu mzuri. Anayetaka kisa cha kijana wa Ujiji aliyeishika dini yake ugenini akamtafute msimuliaji mwingine.

Kolwezi, kabla ya safari

Mnanijua. Nilipoondoka hapa nilikuwa Muislamu wa Ijumaa na Idi, na Ramadhani nilikuwa hodari wa futari kuliko funga. Nilikwenda Zaire kusomea umeme wa migodini, sikwenda kusomea dini.

Lakini darasani tulikuwa zaidi ya thelathini, na Muislamu nilikuwa peke yangu. Huko Muislamu anaitwa mungwana, na wakiwa wengi ni bangwana. Asubuhi mpaka jioni: "Mungwana, juu ya nini haukunywake pombe?" "Mungwana, njo kweli utaoa banamuke bane?" Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanatania tu. Ila mtu akiulizwa kila siku yeye ni nani, mwisho lazima atafute jibu, na mimi jibu langu nililipata katika ukali. Nikavaa kofia mpaka kwenye karakana. Nikawa sili kwa mtu mpaka nimhoji aliyepika. Mjomba alinitumia vitabu viwili vya fiqhi, na baada ya miezi sita hakuna aliyeniweza kwa kusema hili haramu, lile makuruhu. Hapa nyumbani ningenyamazishwa na wazee siku ya kwanza. Kule hakukuwa na wa kuninyamazisha, nikawa sheikh kwa kukosa mpinzani.

Kati ya wote walioniuliza maswali, mmoja aliuliza kwa kutaka kujua. Alikuwa Mukendi mwana wa Kalonji, tuliyekaa dawati moja. Babu yake aliletwa na Wabelgiji kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, baba yake akafia kazi hiyo hiyo, na yeye mwenyewe kazaliwa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi. Kasai alikuwa anaisikia tu. Tulianza kwa ubishi, tukaenda kwa vitabu, na mwaka wa pili akatamka shahada mbele ya Mwalimu Assani, imamu wetu, mzee wa Kasongo aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni. Akaitwa Yahya. Nilimtembeza msikitini kama mtu aliyenunua baiskeli mpya.

Mama yake, Mama Ngalula, alikuwa Mkatoliki wa kukaa kiti cha mbele. Nilitegemea matusi. Badala yake alikwenda sokoni, akarudi na sufuria mpya na kuiweka mbele yangu.

"Iyi njo sufuria ya bangwana," alisema. "Nyama ya nguruwe haitaingia mule hata siku moja. Lakini weye, tata ya Ujiji, utakuya kula apa kila siku ya Mungu. Umenitwalia mutoto, basi sasa niko na babili."

Kwa miaka miwili na nusu nilikula kwake kila Jumapili, bukari na sombe kutoka sufuria ile. Bukari ni ugali wao, sombe ni kisamvu, na tata ni baba. Na mimi, wallahi, bado nilikuwa nainama jikoni kuchungulia ameisugua kwa kitu gani.

Orodha

Kisha nchi ikavunjika. Migodi ikawa inasimama mmoja baada ya mwingine, walimu wakaacha kuja, na vijana wa chama cha siasa cha jimbo la Katanga wakaanza kupita mitaani na rungu wakisema Bakasai, watu wa Kasai, ndio waliokula Katanga, Bakasai warudi kwao. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Nilimsikia Mama Ngalula akiwauliza akiwa mlangoni pake: "Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa pale nyuma ya lavwari." Lavwari ni bafu. Wakacheka, wakapiga chaki msalaba ukutani mwake.

Yahya akahamia chumba changu, nyuma ya msikiti. Mpango ulikuwa mwepesi. Kule kila mtu anajua Mkasai ni Mkristo, hakuna anayefikiri Mkasai anaweza kuwa mungwana. Akikaa nasi kimya, na kofia yake kichwani, atapita. Chuo kikifungwa rasmi mimi narudi nyumbani, na yeye nakuja naye Ujiji. Mama yake alikubali. Yeye angeondoka na watu wa parokia yake.

Ndipo Mwalimu Assani akaniita. Ofisi ya mji ilitaka orodha ya Waislamu wote ili vijana wasiwaguse. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, basi nikapewa kalamu. Nikaandika: fulani bin fulani, fulani bin fulani. Tukafika kwa Yahya.

"Andika Yahya bin Abdallah," alisema Mwalimu.

Mnajua desturi hiyo, hata hapa ipo: aliyesilimu tunampa ubini wa Abdallah, mja wa Mungu, mambo yanakwisha. Lakini mimi nilikuwa na vitabu viwili. Nikamwambia Mwalimu kwamba ni haramu mtu kujinasibisha na asiye baba yake. Nikamwambia tumeamrishwa kuwaita watu kwa baba zao, na hao wanaogawa ubini wa Abdallah wanafuata mazoea bila elimu. Nikamtajia ukurasa.

"Hamisi," alisema mzee, "wakati uyu haiko wa ukurasa."

"Haramu haina wakati, Mwalimu."

Yahya alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, akiniangalia mimi na si Mwalimu. Nilikuwa mwalimu wake wa kila kitu. Aliniuliza: "Ni haramu kweli?" Nikasema kweli. Akasema: "Basi uandike Kalonji."

Mwalimu Assani akajifuta uso kwa kanzu. "Muandike. Ninyi njo mulisoma."

Nikaandika Yahya bin Kalonji, kwa herufi nzuri, nikapiga na mstari chini kwa rula.

Siku ya nne, mchana, vijana wakaja na orodha ile ile mkononi. Hata hawakutafuta. Mkubwa wao alisoma majina mpaka akafika pale, akarudia mara mbili. Mwalimu Assani akatoka, akasema huyu ni mtoto wa msikiti. Kijana akamgeuzia karatasi: "Kalonji ni jina ya wapi, Mwalimu?" Wakamchukua Yahya kumpeleka stesheni, na mzee akarudi ndani. Hakunitazama hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Angenitukana ningeshukuru.

Stesheni ya Kolwezi

Wakasai walikuwa wamelazwa kwenye stesheni, mamia kwa mamia, chini ya mahema ya nailoni na mabati waliyong'oa kwenye nyumba zao wenyewe. Nikafunga mzigo wangu, nikawafuata Yahya na mama yake huko. Safari ya kuja Ujiji na ya kwenda Kasai inaanza kwa njia moja, Kolwezi hadi Tenke, Tenke hadi Kamina. Kamina reli zinaachana: upande mmoja Kasai, upande wa pili Kabalo, Kalemie na ziwa letu. Nikaapa moyoni kwamba Kamina nitamtoa Yahya upande wao na kumpandisha upande wangu. Tangu siku hiyo sikuwaza kitu kingine.

Treni ilisemwa itakuja kesho. Tukaisubiri siku kumi na moja. Mvua ikanyesha saba kati ya hizo. Watoto walianza kuhara, wazee wakafa, na kila asubuhi mapadri walikuwa wanapita na machela.

Siku ya pili Mama Ngalula aliniuliza, huku akisonga bukari juu ya matofali matatu: "Ile karatasi ya kwenu, nani aliiandika?"

Nikasema mimi.

"Na Mwalimu hakukukataza?"

"Alinikataza, mama."

Akaendelea kusonga. Nilikuwa nasubiri mwiko unipige usoni. Akaigeuza ile bukari, akanimegea mimi kwanza. "Kula," alisema. "Uko muembamba sana." Nilikula nikilia, na machozi yakaingia kwenye sombe.

Kolwezi hadi Tenke

Walitupakia kwenye mabehewa ya mizigo, yale ya kubebea shaba. Hakuna kiti wala dirisha, ila mlango mmoja ulioachwa wazi. Tulikuwa kama themanini ndani, na cherehani, na kuku, na picha ya Bikira Maria yenye kioo kilichopasuka. Karani alitaka kunipeleka behewa la abiria kwa kuwa mimi ni mgeni. Nikakataa, nikajiona shujaa kwa dakika kumi. Kisha mlango ukasongwa na mizigo, na harufu ikanishusha ushujaa.

Tulivuka Mto Lualaba tukiwa tumesimama. Wanawake walikuwa wanaimba rozari. Ilipofika adhuhuri nilitaka kuswali na sikuona pa kuweka hata paji la uso. Mama mmoja mnene, simjui, akawapigia kelele wenzake: "Sogeeni! Bangwana banataka kumuomba Mungu yabo!" Wakasogea, wakabanana, wakapandishiana watoto mapajani. Mimi na Yahya tukaswali juu ya kitenge chake. Waliacha kuimba mpaka tulipotoa salamu.

Njiani treni ikasimama bila sababu, porini, kutwa nzima. Chakula kikaisha kwa wengi. Yule mama mnene akapitisha bakuli la viwavi vya kukaanga, huko wanaviita bishimu. Njaa ilikuwa imenikamata vibaya, lakini mazoea hayafi. Nikauliza vimechinjwaje.

Behewa zima likanigeukia. Kisha mama akachukua kiwavi kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku.

"Tata," alisema, "unionyeshe shingo yake, nikuchinjie."

Loo! Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka. Yahya alicheka mpaka akashika mbavu, na Mama Ngalula akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Nilikula vile viwavi. Vitamu, vina chumvi. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kwa Yahya.

Tenke hadi Kamina

Tenke walibadilisha kichwa cha treni, siku mbili. Hapo ndipo nilipopata karatasi safi kwa mwalimu mmoja wa shule, nikakaa juu ya reli na kuandika upya. Nilikuwa na muhuri mdogo wa msikiti, Mwalimu Assani alinipa tulipoagana bila kusema ni wa nini. Nikaandika: Yahya bin Abdallah, mwanafunzi, Muislamu, mwenyeji wa Ujiji. Nikapiga muhuri.

Nilimpa tulipoanza tena kwenda. Alisoma polepole.

"Siku ile ulisema haramu," alisema.

"Hii ni dharura. Dharura inahalalisha."

"Na siku ile haikuwa dharura?"

Nilianza kusema kwamba siku ile hatukujua, kwamba nilifikiri, kwamba. Mama yake akanikata.

"Mukendi, ukamate karatasi," alisema. "Kwenu na Hamisi kuko masomo, kuko samaki. Kasai kuko nini? Mi naenda kwa ndugu ya baba yako, mi ni muzee, batanipa pa kulala. Weye enda. Ukifika, uniandikie."

"Na nani atakubebea bintu?"

"Niko na mikono."

Yahya aliikunja ile karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa shati. Sikuulizia tena. Niliona inaingia mfukoni, basi nikajua tumepona. Siku nzima nilimweleza habari za Ujiji: atamkuta nani, atalala chumba gani, mama yangu anavyopika migebuka. Alikuwa anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, huku amemshika mama yake kifundo cha mguu, maana behewa lilikuwa linayumba na mama yake alikuwa amesimama.

Kamina

Tulifika asubuhi, jua limeshatoka. Treni ya Kasai ilikuwa upande wa kushoto, imejaa mpaka juu ya paa. Ya Kalemie ilikuwa upande wa kulia, na mbele yake meza, karani mwenye miwani, na askari wawili. Kwa kuwa reli ya Kalemie inapita Katanga mpaka ziwani, walikuwa hawataki hata Mkasai mmoja aipande.

Mama Ngalula alituaga haraka haraka, kwa makusudi. Alinishika masikio yote mawili kama mtoto. "Umuchunge," alisema. Akachukua mizigo yake, akavuka reli bila kugeuka. Alikaa chini kando ya treni yake, mgongo kwetu, hatua kama ishirini.

Foleni ilikuwa fupi. Mimi nilitangulia, nikatoa pasi yangu na fomu niliyoijaza. Karani akaisoma, akaiweka pembeni bila kugonga muhuri. "Uyu wa nyuma ni nani?"

"Ndugu yangu," nilisema. "Sisi wote wa Ujiji."

"Mi namuuliza yeye. Jina?"

"Yahya."

"Jina ya baba?"

Karatasi ilikuwa tayari mezani, imekunjuliwa. Alichotakiwa ni kusema neno moja lililoandikwa mbele yake. Nilimkanyaga mguu. Yeye akaangalia ng'ambo ya reli, kule kwenye mgongo wa mama yake, kisha akamwangalia karani usoni.

"Kalonji," alisema. Tena kwa sauti, kama tulivyokuwa tunaitika majina darasani. "Kalonji, alikufa mu mugodi, Kolwezi."

Karani akaweka kidole juu ya karatasi. "Apa banaandika Abdallah."

"Ni bongo," alisema Yahya. Kule bongo ni uongo.

"Nani aliandika bongo?"

Karani hakuhitaji jibu. Alivuta fomu yangu, akaiweka karibu na ile karatasi, akatazama moja, akatazama nyingine. Mwandiko wangu, mnajua, haufichiki. Akavua miwani akacheka, hakukasirika hata kidogo.

"Angalieni," aliwaambia askari. "Mungwana anasema bongo, kilulu anasema kweli." Akagonga muhuri kwenye fomu yangu mimi. "Weye pita. Yeye arudi kwa benzake."

Nilisema hapana, nilisema huyu ni ndugu yangu kweli, nilisema Mungu shahidi. Askari mmoja akanisukuma kwa kitako cha bunduki mpaka kwenye ngazi ya behewa. Nilimwita Yahya, akanipungia mkono kidogo tu, kama anayekwenda dukani na kurudi. Akavuka reli.

Nilimwona Mama Ngalula akigeuka. Alisimama, akampiga kofi, kofi ambalo hata mimi nililisikia. Kisha akamkumbatia kichwa na kukibana kifuani, na wakakaa hivyo mpaka treni yangu ilipoanza kwenda. Sikujua ni lipi linaniuma zaidi, kwamba ameachwa au kwamba mimi nimepita.

Kwa nini alisema vile? Njia nzima hadi Kabalo nilijiuliza. Labda aliona mgongo wa mama yake akashindwa. Labda ni ile haramu yangu, ilishamwingia na haikutoka nilipotaka itoke. Au labda alichoka tu, mara wanamwandika hivi, mara mimi namwandika vile, akataka kulisema jina lake mwenyewe hata mara moja. Nilikuwa naye siku zote zile kwenye behewa moja, na sikumuuliza anataka nini. Nilikuwa na shughuli ya kumwokoa.

Kalemie na nyumbani

Kutoka Kabalo hadi Kalemie siku nne, homa tupu, sikumbuki nilichokula. Kalemie nilisubiri meli wiki nzima. Wafanyabiashara wa Kigoma walinipokea vizuri, wakanilisha, wakanisifu kwamba nimerudi na kofia yangu. Niliwajibu vibaya, wakasema mgonjwa huyu.

Nyumbani mkanifanyia maulidi. Kwenye maulidi yale nikamweleza sheikh wetu habari ya jina, kuanzia orodha mpaka Kamina, nikitegemea atanikemea mbele ya watu. Akainua mikono akasema Allahu akbar. Akasema huyo kijana ndiye Muislamu, amekataa uongo hata kwa kujiponya. Akasema na mimi nilikuwa sahihi tangu mwanzo, jina la baba halibadilishwi, na Mwalimu wa Kolwezi hana elimu. Watu wakaitikia. Nikapewa sahani ya pilau ya kwanza.

Nilikaa na ile sahani nikitamani kumrushia. Mwalimu Assani asiye na elimu angemfikisha Yahya hapa, leo angekuwa amekaa kwenye mkeka huu akilalamikia pilipili. Mimi niliye sahihi nimefika peke yangu.

Sasa ni wiki ya tatu. Mmeniuliza mengi kuhusu Yahya, na nawashukuru. Mmeuliza kama Kasai kuna msikiti. Mmeuliza kama mama yake hatamrudisha kanisani, kama anakumbuka sura zake, kama bado anaswali. Jana tu mmoja wenu amenifuata mpaka gengeni kuniuliza kama aliwahi kutahiriwa. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza kama yuko hai.

Angetokea, ningemwambia sijui.